Gauni la 1958 unalolikuta Karume halikuwepo Dar mwaka 1958

Siku hizi kadi ya sendofu au kichen pati ikishaandikwa "vazi: vinteji" we jiandae tu kuona vituko, manake mmoja atakuja na gauni la kiuno cha nyigu na sketi pana ya vidoti, wa pili kavaa wigi la afro na bugaluu, wa tatu kavuta kitenge cha shangazi yake kabatini, emsii katinga kaunda suti, alafu dijei anapiga zilipendwa za miaka ya 80 na wote wanaambiana umependeza, umetoka kizamani kweli. Na kupendeza wamependeza, sina ugomvi na hilo. Ila ukiwapanga mstari kwa miaka, kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna karibu miaka arobaini, na ukiwapanga kwa mahali ndo kabisa, una Paris, una Lusaka, una Marekani na una Kariakoo, wote meza moja wanasubiri pilau.

Mi naona shida yetu wapenzi wa mambo haya hapa mjini ni kwamba tunauliza swali moja wakati maswali ni matatu. Hili vazi limeshonwa lini na wapi? Watu wa Dar walikuwa wanavaa nini miaka hiyohiyo? Na hili vazi limeingia Dar lini? Majibu ya hayo matatu mara nyingi hayafanani kabisa, na mabishano yote ya "hii sio vinteji", "hii ndo vinteji orijino" yanatokana na watu kujibu maswali tofauti huku wakidhani wanajibu moja.

Tuanze na ile picha ambayo kila mtu anayo kichwani, kiuno kimebanwa, sketi imepanuka hadi chini ya magoti. Hiyo ina siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Februari 1947, Christian Dior alipoonyesha nguo zake za kwanza pale Paris na watu wa magazeti ya mitindo wakaibatiza New Look. Ili uelewe kwa nini watu walishtuka lazima ujue walikotoka. Ulaya ilikuwa imetoka vitani, Uingereza nguo zilikuwa zinauzwa kwa kuponi toka Juni 1941, na mgao wenyewe haukuisha hadi Machi 1949, kwa hiyo wanawake walikuwa wanavaa sketi fupi nyembamba na makoti ya mabega mapana kama ya wanajeshi, kitambaa kinabaniwa mpaka kwenye mikunjo. Anatokea mtu anamwaga mita na mita za kitambaa kwenye sketi moja! Wengine walifurahi, wengine walikasirika waziwazi kwamba huyu anafuja kitambaa wakati watoto hawana makoti. Lakini umbo likashika, na miaka ya 50 yote likashuka kutoka kwa matajiri hadi kwa mama wa kawaida anayejishonea nyumbani.

Fundi yeyote wa Dar anaijua hiyo sketi, kwake ni solo tu. Na ukitaka kujua kwa nini ilikuwa anasa, piga hesabu. Solo kamili ni duara zima lenye tundu la kiuno katikati. Kiuno chako kikiwa sentimita 70, gawanya kwa mara mbili ya 3.14, unapata kama 11, hiyo ndo nusu kipenyo ya tundu. Ongeza urefu wa sketi, tuseme 75, unafika 86. Yaani kila nusu duara inataka kitambaa cha urefu wa sentimita 172, na nusu duara ni mbili, kwa hiyo zinaondoka karibu mita tatu na nusu, na hapo pindo bado, mikono bado, kifua bado. Sketi ya kubana ya urefu uleule inatoka kwenye mita moja. Ndo maana fundi akikuambia "hiki kitambaa solo haitoki, tufanye nusu solo" hakuibii.

Alafu miaka ya 60 mambo yakageuka. Kiuno kikaachiwa, gauni likawa limenyooka tu kuanzia begani, na kina Mary Quant, yule aliyefungua duka lake la Bazaar pale King's Road, London, mwaka 1955, wakapandisha pindo hadi juu ya goti na kuendelea. Kwa hiyo hata hiyo "katikati ya karne" inayosemwa ina mitindo miwili inayopingana, ule wa kitambaa kingi na kiuno, na huu wa kitambaa kidogo bila kiuno. Mtu akikuambia tu "nataka gauni la miaka ya hamsini sitini" hajakuambia kitu.

Sasa tuje Dar. Miaka ya 50 hapa ni Tanganyika chini ya Mwingereza, TANU imezaliwa Julai 1954, na mtu wa kawaida hanunui gauni lililoshonwa tayari lenye lebo. Ananunua kitambaa dukani kwa Mhindi, anapeleka kwa fundi mwenye cherehani barazani, anamwelekeza kwa maneno na kwa mikono. Hii ndo siri kubwa ya vinteji ya Dar, haina lebo. Ukienda na vile vitabu na video za Wamarekani zinazokufundisha kusoma lebo, kwenye nguo ya bibi yako utatafuta mpaka uchoke.

Na mfano fundi anautoa wapi? Sinema kwa sehemu kubwa. Dar ilikuwa mji wa sinema hasa, kulikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, na kuanzia 1966 ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari kule Msasani, kwenye kiwanja ambacho leo kina ubalozi wa Marekani. Na msidhani ilikuwa Elvis peke yake, filamu za Kihindi zilijaza kumbi kuliko hizo, na kijana aliyetaka kuonekana alikuwa na Raj Kapoor kichwani kama alivyokuwa na Elvis. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani mtu kachana nywele vile, kakunja suruali vile, usikimbilie kusema kaiga Wamarekani, inawezekana kabisa Marekani haimo.

Muziki nao una njia yake. Dar es Salaam Jazz Band ni ya mwaka 1932, baadaye wakaja kina Kilwa Jazz, Western Jazz, na NUTA Jazz ya 1964 ambayo ilibadili majina mpaka ikawa Msondo Ngoma tunayoijua. Jina ni jazi lakini sikiliza gitaa na tumba, hiyo ni Cuba zaidi kuliko New Orleans, manake santuri za Kikuba zenye namba zinazoanza na herufi GV zilianza kusambaa Afrika toka miaka ya 30 na wanamuziki wetu walizila zikaisha. Mtu anayeandaa sherehe ya "vinteji ya Dar" alafu anapiga rokenroli usiku kucha, sawa, pati ni yake, ila mzee aliyekuwa anacheza dansi ukumbi wa Arnautoglu hatajisikia yuko nyumbani.

Na wanawake wengi wa Dar wa miaka hiyo, tukisema ukweli, hawakuwa kwenye gauni la solo muda mwingi. Walikuwa kwenye kanga na baibui. Tazama picha za Bibi Titi Mohamed na akina mama wa TANU, utaelewa harakati za uhuru zilivaa nini. Kanga kwa mpenzi wa vya kale ina raha yake, kwa sababu ndo vazi letu pekee lenye maandishi ya kukusaidia. Kwenye ukingo wa kanga utakuta yale maneno "K.H.E. Mali ya Abdulla" na namba ya muundo, hiyo ni nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Lakini tahadhari, maandishi hayo yameendelea kuchapwa mpaka leo, kwa hiyo peke yake hayakupi mwaka. Ukikuta kanga imechapwa na Urafiki hapo umepata mpaka wa chini, kiwanda kile cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kilianza kazi 1968, haiwezi kuwa ya zamani zaidi ya hapo hata muuzaji ale yamini.

Kwa wanaume kuna suti nyeupe za ofisini, kuna kanzu na koti, alafu likaja lile koti la kola iliyosimama ambalo viongozi walilipenda na watu wakaliita chuenlai, baada ya waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, aliyetutembelea Juni 1965. Kaunda suti ni kitu kingine, ina mikono mifupi na mifuko, na imeshika zaidi miaka ya 70. Hizi mbili watu wanazichanganya kila siku.

Hapa ndo panaponoga, kwa sababu mavazi yakawa siasa kabisa. Oktoba 1968, mwaka mmoja na kitu baada ya Azimio la Arusha, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1969 minisketi marufuku, wigi marufuku, suruali za kubana marufuku, na krimu za kujichubua marufuku. Hata kabla ya Januari kufika vijana walishaanza kuwavizia wasichana kwenye mabasi maeneo ya Kariakoo, wakawasumbua na kuwachania nguo. Magazetini barua zikawa hazikauki. Wapo waliosema huu ni uchafu wa kigeni, na wapo waliojibu kwamba hata suti na hiyo suruali yako si za babu yako, mbona hakuna anayekuvizia. Mi kila nikimwona dada wa leo kapiga mini ya 1967 kwenye picha ya mtandaoni na kaandika eti enzi za ustaarabu, nacheka kidogo, kwa sababu vazi hilohilo enzi hizo lingemfanya atembee na wasiwasi kuanzia kituoni mpaka nyumbani. Ndo maana pia ukitazama albamu za familia, hasa za miaka ile, mini inaonekana zaidi kwenye picha za studio na za ndani kuliko za barabarani. Walivaa, ila walichagua pa kuvalia.

Swali la tatu ni la mitumba. Nguo kuukuu za Ulaya zilikuwepo toka ukoloni, wazee wakiziita kafa Ulaya, ila miaka ya Ujamaa uingizaji wake ulibanwa sana na mlango ulikuja kufunguka hasa katikati ya miaka ya 80 biashara ilipolegezwa. Kwa hiyo lile gauni la mwaka 1958 la Marekani unalolishika pale soko la mitumba la Karume halijawahi kukutana na Dar ya 1958. Limekaa kwenye kabati la mtu huko Ohio au popote, mwenyewe kafariki au kahamia nyumba ndogo, watoto wametoa sadaka, limepakiwa kwenye belo, limevuka bahari, limefika hapa wakati mjukuu wa yule fundi wa barazani tayari ana watoto. Ni vinteji halali kabisa, lakini ni vinteji ya kwao. Ukilivaa unavaa historia ya Ohio, na hakuna ubaya, mradi usituambie ndivyo bibi yako alivyokuwa anavaa Magomeni.

Na kuna jambo la belo watu hawalifikirii. Wachambuaji huko Ulaya na Marekani wanajua bei ya vitu vya zamani, wanavitoa mapema wanauza hukohuko. Kinachopenya mpaka Dar ni kile walichokiruka, yaani chenye kasoro, au kisicho na lebo kwa sababu mtu alijishonea nyumbani. Ndo maana mi nikisikia mtu anatafuta kwa kuangalia lebo tu shingoni najua atarudi na vitu vya miaka ya 90. Gauni bila lebo ndo la kulitazama mara mbili.

Unalitazamaje? Ligeuze nje ndani, palepale mezani, muuzaji anaweza kununa kidogo ila atazoea. Anza na zipu. Ikiwa ya chuma na iko ubavuni chini ya kwapa, hiyo ni dalili nzuri ya miaka ya 40 au 50. Zipu za nailoni zilienea miaka ya 60, na zipu ya mgongoni ikawa ya kawaida kadiri miaka hiyo ilivyosonga. Alafu tazama kingo za mshono kwa ndani. Kama zimekatwa kwa mkasi wa meno, zina zigizaga bila uzi wowote kuzizungushia, hapo moyo unaruhusiwa kudunda. Ovaloku isikukatishe tamaa, mashine hizo zipo viwandani toka karne ya 19, ila ovaloku pana ya nyuzi nne nne za polista kila mahali inanuka usasa. Kisha pindo. Nguo za zamani zina pindo nene, sentimita tano na kuendelea, lililoshonwa kwa mkono kiasi kwamba kwa nje huoni uzi, kwa sababu mtu alitegemea kulishusha au kulipandisha mtindo ukibadilika.

Lebo ikiwepo nayo isome. Marekani sheria ya kuweka maelekezo ya kufua ndani ya nguo ilianza kutumika 1972, kwa hiyo kilebo cha "fua kwa maji ya vuguvugu" kwenye nguo ya huko kwa kawaida kinakutoa miaka ya 50 na 60. Uingereza kuna alama ya CC41, kama vipande viwili vya jibini vilivyokatwa, hiyo ni ya nguo za mgao kati ya 1941 na 1952, ukiikuta Karume nipigie simu. "Made in West Germany" maana yake kabla ya 1990. Ukiona spandeksi kwenye pamba, asilimia tatu asilimia tano, gauni la vidoti la kuvutika vizuri, hilo ni la kuiga, limeshonwa juzijuzi kwa umbo la zamani. Spandeksi yenyewe iligunduliwa 1958 na Joseph Shivers wa DuPont, na ilichukua miaka mingi kabla haijaingia kwenye magauni ya kawaida. Hayo ya kuiga si mabaya, kwa joto la Dar mengine yanavalika kuliko orijino, tatizo ni pale unapouziwa kwa bei ya orijino.

Kama bado una shaka, chomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa ndani, toka nao nje, uwashe kiberiti (sio katikati ya marobota jamani, soko hilo limeshaungua vya kutosha, Januari 2022 bado tunaikumbuka). Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Polista inayeyuka, inakunja, inaacha kidonge kigumu cheusi. Lakini polista pekee haikukatalii miaka ya 50, nguo za Dacron, ambayo ni polista hiyohiyo kwa jina la dukani, zilishaingia madukani Marekani toka 1951, na Terylene ya Waingereza nayo ni ya miaka hiyohiyo ya 50.

Namba za saizi zisahau kabisa. Kwenye vipimo rasmi vya Marekani vya mwaka 1958, namba 8 ilikuwa kifua inchi 31, kiuno inchi 23 na nusu. Namba 8 ya leo dukani ni mwili mwingine kabisa, viwanda vimekuwa vikipanua nguo na kuacha namba ileile ili mteja ajisikie mwembamba. Beba futikamba, pima gauni likiwa limelala, zidisha mara mbili, na jiachie nafasi ya kupumua manake kitambaa cha enzi hizo hakivutiki hata kidogo.

Kwa vya kwetu visivyo na lebo, kazi inahamia kwenye picha. Tai nyembamba na suruali ya kubana chini, hiyo ni mwanzo wa 60. Kola ndefu kama masikio, suruali ya kufagia barabara na viatu vya raizoni, hiyo ni 70 tayari. Geuza picha nyuma utafute mhuri wa studio, kama umeandikwa Tanganyika basi mhuri wenyewe umechongwa kabla ya Oktoba 1964 nchi ilipopewa jina la Tanzania. Hata jina la mtaa linasema, Acacia Avenue ya Mwingereza ndo ikaja kuwa Independence Avenue, ndo hiyohiyo Samora unayopita kila siku. Rangi ndo picha nyeusi na nyeupe haikwambii, hiyo muulize aliyevaa kama bado yupo, na uliza na jina la kanga, utashangaa mtu anasahau mwaka aliozaa ila maneno ya kanga anayo.

Ukishapata picha nzuri ya kwenu mpelekee fundi akushonee kama ilivyo, kwa kitambaa kipya cha pamba, hiyo ndo vinteji ya Dar iliyo karibu zaidi na ukweli kwa sababu ndivyo ilivyopatikana hata mwanzo, kwa fundi, kwa kuonyeshwa picha. La Marekani la zipu ya chuma livae mara chache, jasho la Dar halina huruma na uzi wa miaka sitini, na unapofua usiloweke usiku kucha, zipu itaacha kutu kwenye kitambaa.

Na pale mezani, ukishalipata, lirudishe kwenye fungu kwanza, shika na lingine lolote baya pembeni yake, uliza bei ya yote mawili kwa uvivu. Muuzaji anapanga bei kwa gredi na kwa unyoofu wa kitambaa, umri wala haumhusu, la zipu yenye kutu mara nyingi liko kwenye lile fungu la bei ya chini kabisa. Neno vinteji usilitamke mpaka uvuke barabara.